Hofu ya Kukosa Kazi katika "Mapenzi ya Kifaurongo": Usomaji wa Kutoka Kisiwani Mombasa

Utangulizi

Mtahiniwa akitakiwa kutaja maudhui ya hadithi fupi "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, aghalabu huanza na mapenzi, akafuatisha usaliti, utabaka, umaskini na elimu. Mwishoni kabisa, akiwa amebakiwa na dakika chache, huandika "ukosefu wa kazi" na kutoa hoja moja: Dennis alihitimu chuo kikuu lakini hakuajiriwa. Hupata alama yake na kwenda swali linalofuata. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Suala la kazi ndilo jiko linalopikia maudhui mengine yote ya hadithi hii. Tena, hadithi haiishii kwenye ukosefu wa kazi. Inasimulia hofu ya kuikosa, na hofu hiyo inamwingia mhusika angali mwanafunzi.

Tofauti hii ni ya msingi. Ukosefu wa kazi ni hali ya nje, na serikali inaweza kuihesabu ikaichapisha. Hofu ya kukosa kazi hukaa ndani ya mtu. Huamua anavyozungumza, anavyopenda, anavyobisha mlango na anavyokaa kitini mbele ya anayemhoji. Mchumi ataieleza hali. Mwandishi wa hadithi fupi ndiye anayeweza kutuingiza ndani ya hofu. Mhakiki anayetaja hali pekee ameiacha nje sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi.

Hadithi hii imo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Mkusanyiko huo ulikuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE kwa miaka kadhaa kabla ya kuachia nafasi Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Huenda msomaji akauliza: mbona turudie kitabu kisichotahiniwa? Jibu ni kwamba vijana walioisoma hadithi hii wakiwa kidato cha nne mwaka 2018 wamekwisha kupita chuo. Walioandika insha kuhusu Dennis wamefika alipofika Dennis. Ni wakati mwafaka wa kuuliza tuliwafundisha nini kumhusu.

Muhtasari kwa ufupi

Dennis Machora ni mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kivukoni. Wazazi wake ni maskini walioishi kwa vibarua, na chuoni anajikimu kwa shida hadi kufikia kunywa uji usio na sukari. Penina, binti wa familia yenye uwezo, anavutiwa naye. Dennis anasita kwa sababu ya tofauti zao za kitabaka, lakini Penina anamhakikishia mapenzi yake. Wanapomaliza masomo wanaishi pamoja katika nyumba ya kukodi, na fedha za kujikimu zinatoka kwa wazazi wa Penina. Dennis anatafuta kazi bila mafanikio. Hatimaye anaitwa kuhojiwa katika kampuni ya kuchapisha magazeti, ambako anakuta kwamba anayemhoji ni mamake Shakila, msichana waliyesoma naye chuoni. Anababaika na kurudi nyumbani mikono mitupu. Penina anamfukuza.

Hofu inatangulia kukosa

Walimu wengi hufundisha hadithi hii katika sehemu mbili: maisha ya chuoni na maisha ya baada ya chuo. Ukosefu wa kazi huwekwa katika sehemu ya pili. Lakini tukiisoma kwa makini tutaona kwamba Dennis hahitaji kufika katika sehemu ya pili ili aanze kuogopa. Chumba chake cha chuoni kimejaa hofu tayari. Uji usio na sukari ni ishara ya umaskini, kama miongozo inavyosema. Ni ishara ya kitu kingine pia: kwamba kijana huyu anaishi kwa kusubiri. Anavumilia leo kwa sababu ameahidiwa kesho. Kila anachokosa sasa kinahesabiwa kuwa malipo ya awali ya kazi ambayo bado hajaiona.

Mapema katika hadithi tunakutana na Dkt. Mabonga, mhadhiri ambaye ukali wake unawatia wanafunzi woga. Kwa kawaida hutajwa kama mfano wa mhusika mkali, kisha akaachwa. Hata hivyo, nafasi yake katika msuko ni kubwa kuliko hiyo. Mwanafunzi anayejifunza kutetemeka mbele ya mwenye mamlaka katika ukumbi wa mihadhara ndiye atakayetetemeka mbele ya jopo la mahojiano. Mwandishi ameweka chumba kimoja mwanzoni na kingine mwishoni, na katika vyumba vyote viwili mtu mmoja mwenye mamlaka anauliza na kijana anaogopa. Hapo tunaona kwamba chuo kimempa Dennis cheti na kikamzoesha woga.

Tukiwatazama wazazi wake tutaelewa uzito wa hofu hiyo. Wazazi waliolima mashamba ya watu ili mtoto asome wanakuwa, hata wasiposema neno, ni wadai. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, lina tarakimu na lina tarehe. Deni la wazazi halina tarakimu wala tarehe, na kwa sababu hiyo halina mwisho.

Msomaji wa Mji wa Kale anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Hapa kisiwani wapo kina mama walioamka alfajiri miaka nenda miaka rudi kupika mahamri na mbaazi, na wengine wanaokaanga viazi karai jioni, ili ada ya chuo ipatikane. Kijana anayesoma Tudor katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anapita kwenye vichochoro vya Kibokoni au Kuze akiulizwa na kila mzee aliyeketi barazani: "Mwanangu, unamaliza lini?" Baada ya kumaliza, swali hubadilika na kuwa: "Ushapata?" Hakuna anayehitaji kutaja kitu gani. Swali hilo huulizwa kwa mapenzi, na ndiyo maana linauma. Hofu ya Dennis ingekuwa ndogo kama wanaomsubiri wangekuwa wabaya.

Kifaurongo ni nani?

Kifaurongo ni mmea mdogo ambao majani yake hujikunja pindi unapoguswa, ukaonekana kama uliokufa. Anwani ya hadithi imetumia mmea huu kama jazanda, na miongozo mingi inakubaliana kwamba jazanda hiyo inarejelea mapenzi ya Penina: yalionekana mabichi, yakanyauka yalipoguswa na shida. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Jazanda nzuri haifungwi katika maana moja.

Hebu tuirejelee hadithi na kuuliza: ni kitu gani kingine humu kinachojikunja kinapoguswa? Cha kwanza ni ahadi ya elimu. Tangu utotoni Dennis aliamini kwamba kufaulu mtihani ndiko kutoka katika umaskini. Ahadi hiyo ilikuwa imechanua wakati wote alipoitazama kwa mbali. Alipoinyoshea mkono, ikajifunga. Cha pili ni Dennis mwenyewe. Anapoguswa na macho ya mamake Shakila, maarifa yote aliyoyakusanya kwa miaka yanajikunja ndani na hawezi kuyatoa.

Hapa kuna jambo ambalo mtahiniwa mwangalifu anaweza kulitumia. Kifaurongo hakifi. Mmea huo hujikunja kwa kujilinda, kisha baada ya muda hujikunjua. Jina lenyewe linatwambia kwamba kifo chake ni cha uongo. Kwa hiyo, tukisema kwamba jazanda inamhusu Dennis, hatuwezi kumhitimisha kuwa ameangamia. Ukimya wake chumbani mwa mahojiano si ushahidi kwamba hana kitu. Mwandishi ametuacha na kijana aliyejikunja, na hakutuonyesha kujikunjua kwake. Ni juu ya msomaji kujiuliza ni mazingira gani yangemwezesha kijana huyo kujikunjua.

Mahojiano: sadfa au mfumo?

Dennis kumkuta mamake Shakila kwenye mahojiano hutajwa katika majibu kama mfano wa mbinu ya sadfa. Mtahiniwa hueleza kwamba mambo mawili yametukia pamoja bila kupangwa, akapata alama. Jibu hilo ni sahihi kifani. Lakini je, kimaudhui hilo ni jambo la kubahatisha kweli?

Tufikiri kidogo. Nchini mwetu nafasi za uongozi katika kampuni zimeshikwa na watu wachache. Watu hao wana watoto, na watoto hao husoma katika vyuo vilevile ambamo watoto wa maskini wanasoma kwa mikopo. Kwa hiyo, uwezekano wa mtoto wa kibarua kuhojiwa na mzazi wa mwanafunzi mwenzake si mdogo hata kidogo. Ajabu ingekuwa kama mamake Shakila angeenda kuomba kazi na kuhojiwa na wazazi wa Dennis. Sadfa ya aina hiyo haiwezi kutokea katika hadithi hii, na kule kutowezekana kwake ndiko utabaka wenyewe. Kinachoonekana kama bahati katika msuko ni mpangilio wa kawaida katika jamii. Mwalimu akiwaelekeza wanafunzi kuiona sadfa hii kwa jicho hilo, atakuwa amewaonyesha jinsi fani inavyobeba maudhui, jambo ambalo tunalisema kila mara na kulionyesha mara chache.

Kuna kinaya pia. Vijana wa Mombasa husema kwamba kazi ni kujuana. Wanaamini kwamba asiye na mtu ndani ya ofisi asijisumbue kupeleka barua. Malalamiko ya aina hii ni ya miaka mingi kuhusu ajira za bandarini Kilindini, na yamekuwa hoja ya kisiasa katika chaguzi za Pwani mara kwa mara. Ila katika hadithi hii Dennis anajuana na mtu ndani ya kampuni, na kujuana huko ndiko kunakomwangusha. Mwandishi anaikamilisha methali ya mtaani kwa sehemu iliyosahaulika. Mtoto wa tajiri akijuana na mwenye kazi hufunguliwa mlango. Mtoto wa maskini akijuana naye huwa ameonekana tu, pamoja na uji wake usio na sukari.

Je, Dennis ni mwoga?

Katika kueleza sifa za Dennis, watahiniwa wengi huandika "mwoga", "asiyejiamini" na "tegemezi". Ushahidi upo, kwa hiyo hatuwezi kusema wamekosea. Tatizo ni kwamba sifa hizi huandikwa kana kwamba ni maumbile ya mtu, kama kimo au rangi. Mhusika huyu huyu alitoka katika familia ya vibarua akafika chuo kikuu. Alistahimili njaa bila kuacha masomo. Alitafuta kazi muda mrefu bila kukata tamaa, na alipoitwa alikwenda. Mtu mwenye mambo hayo tunamwita mwenye bidii na mstahimilivu. Ikiwa mtu mstahimilivu anakuwa mwoga katika chumba fulani, basi swali la uhakiki linahusu chumba hicho.

Jambo hili lina uzito nje ya mtihani. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuandika kwamba Dennis alikosa kazi kwa sababu hajiamini amejifunza kanuni ya maisha: asiye na kazi amejitakia. Miaka mitano baadaye atakapokaa mwenyewe barazani bila kazi, atajihukumu kwa kanuni ileile tuliyompa alama kwayo. Hatuwezi kusema kwamba fasihi ni kioo cha jamii kisha tukampa mwanafunzi kioo kilichopinda.

Vivyo hivyo kuhusu Penina. Ameitwa msaliti, mwenye tamaa, mwongo. Anamfukuza Dennis, na kitendo hicho ni cha ukatili. Lakini tusisahau kwamba Penina naye hana kipato chake. Nyumba inalipiwa na wazazi wake. Hadithi haituonyeshi msichana mwenye mali na mvulana asiyenayo. Inatuonyesha vijana wawili waliohitimu, wote wawili wakiishi kwa mfuko wa wazee wa mmoja wao. Hofu ya Penina imefichwa chini ya sauti ya ukali. Msomaji anayemwona Dennis pekee kuwa tegemezi ameupuuza utegemezi wa Penina kwa sababu una sukari ndani yake.

Hapa ndipo ninapouona udhaifu mmoja wa hadithi. Ukatili wa soko la ajira umetiwa kinywani mwa wanawake wawili: mama anayehoji na mpenzi anayefukuza. Mfumo mzima uliomnyima Dennis kazi hauna sura, ila sura za Penina na mamake Shakila. Msomaji anamaliza hadithi akiwa na hasira dhidi ya msichana, na hasira hiyo inamfanya asahau kuuliza kwa nini nafasi moja ya kazi ilisubiriwa muda mrefu hivyo. Mwandishi ameliingiza swali la jamii katika chumba cha wapenzi, na mlango ukafungwa likiwa ndani.

Mahali pa hadithi hii katika fasihi ya kazi

Ili kuuona upya wa suala hili, tulinganishe hadithi na kazi tatu ambazo walimu wanazifahamu. Kilio cha Haki (1981) ni tamthilia ya Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Lanina na wafanyakazi wenzake katika shamba la Delamon wanapigania haki zao. Mgogoro wa tamthilia hiyo umo ndani ya lango la mwajiri. Wahusika wana kazi, na tatizo ni dhuluma iliyomo kazini. Mwandishi wa Mombasa hakukosa historia ya kumtia moyo: Januari 1947 takriban wafanyakazi 15,000 wa mji huu, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma kwa siku 12 wakidai ujira bora. Walioweza kugoma walikuwa na kitu cha kuacha kukifanya.

Katika Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982, Wariinga yuko langoni. Amesomea ukarani, anazunguka ofisi za Nairobi, na kila ofisi anaulizwa mwili wake kabla ya cheti chake. Anaipata kazi, anaipoteza kwa kumkataa bosi, anapoteza na nyumba. Ngũgĩ anautaja mfumo kwa jina na kumpa mhusika wake njia nyingine: Wariinga anasomea uhandisi wa mitambo na kuingia gereji. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Amani, kijana aliyefika chuo kikuu, anakuwa mchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na mswada wake umeibwa na Mwalimu Majisifu. Elimu yake ipo. Wenye nafasi ndio wanaoila.

Tukiziweka kazi hizi nne katika mstari tunaona mwendo. Lanina anadai haki ndani ya kazi. Wariinga anadai kazi isiyomdhalilisha. Amani anafanya kazi iliyo chini ya elimu yake. Dennis haingii kabisa. Kilio kimehama kutoka ndani ya lango hadi nje, na sauti imepungua njiani. Lanina ana wenzake, na Wariinga anakutana na wenzake katika matatu. Dennis ni peke yake. Upweke huu ndio upya wa hadithi ya Wasike, na ndio unaoifanya iwe ya kizazi chetu.

Mombasa inaweza kuutia mwendo huo ushahidi wake. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasizuru kisiwa cha Mombasa isipokuwa kwa dharura. Mamia ya watalii wakarudishwa kwao, na waliosomea hoteli na utalii wakaona fani yao ikifungwa kwa tangazo moja. Reli mpya ya kisasa ilipozinduliwa mwaka 2017, na hasa baada ya agizo la mwaka 2019 kwamba makasha yapelekwe bara kwa reli hiyo, wafanyakazi wa malori, maghala na uwakala wa forodha waliandamana mjini kila Jumatatu wakisema kazi zao zinahamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto, mara baada ya kuapishwa, aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Kijana aliyejiunga na chuo kusomea masuala ya bandari mwaka 2017 alibadilishiwa mustakabali mara kadhaa kwa maagizo ambayo hakushirikishwa. Je, tumwambie kijana huyo kwamba hajiamini?

Hata majina ya majengo yetu yana kinaya. Makao ya zamani ya utawala wa Mkoa wa Pwani hapa kisiwani yanaitwa Uhuru na Kazi. Lilikuwa wito wa wakati wa kujinyakulia uhuru: vitu viwili vije pamoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 55, nayo inaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata nafasi za ajira. Wanafunzi wanaweza kuombwa walinganishe ahadi hizo na maisha ya Dennis, wakaona kwamba kifaurongo kina mizizi mirefu kuliko chumba cha wapenzi wawili.

Pengo: baraza na kazi nyinginezo

Msomaji wa Mji wa Kale ataliona pengo jingine. Dennis hana baraza. Hapa kwetu kijana aliyekosa kazi hukaa na wenzake waliokosa kazi, wakanywa kahawa chungu, wakapashana habari za nafasi iliyotangazwa, wakakopeshana shati la kuendea mahojiano. Baraza lina hatari zake, maana dawa za kulevya zimewachukua vijana wengi wa kisiwa hiki. Lakini baraza humwambia mtu kwamba hayuko peke yake. Mwandishi amemnyima Dennis rafiki hata mmoja baada ya chuo. Kisanaa, uamuzi huo unaongeza uchungu. Kijamii, unapunguza ukweli.

Pia hadithi haiwazii kazi nyingine ila ya ofisini. Hapa inafaa tutahadhari. Somo rahisi la kulitoa ni kwamba vijana waache kutegemea ajira, wajiajiri. Kauli hiyo husemwa sana na wenye ajira. Kufungua karakana ya kuchonga milango au kununua tuktuk kunahitaji mtaji, na anayetoka chuoni na deni hana mtaji. Wariinga hakuingia gereji kwa kuhubiriwa. Alijifunza kazi hiyo. Tukitaka kulikosoa pengo hili tuseme kwamba Dennis hakuonyeshwa njia ya pili, tusiseme kwamba aliidharau.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Walimu hatusimami nje ya hadithi hii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, aliyehitimu ualimu nchini Kenya haajiriwi moja kwa moja kama zamani. Wengi hufundisha kwa malipo ya bodi ya shule, au kama walimu wanagenzi chini ya mpango ulioanza 2020, kabla ya kupata nambari ya kudumu. Mwanafunzi anayesomeshwa hadithi ya Dennis huenda anasomeshwa na Dennis. Tukikumbuka hilo, hatutaharakisha kumwita mwoga.

Kwa mtahiniwa, yafuatayo yanaweza kumsaidia, hata katika hadithi za mkusanyiko unaotahiniwa sasa. Kwanza, atenganishe hali na hisia: aeleze kilichotokea, kisha aeleze kilivyoathiri mhusika. Pili, anapotaja sifa, aongeze chanzo chake. Tatu, anapotaja mbinu, aseme inafanya kazi gani. Mfano wa jibu ni huu: "Dennis ni mwenye hofu. Anababaika mbele ya mamake Shakila. Hofu hii inatokana na umaskini wa wazazi wanaomtegemea, mazoea ya kuwaogopa wenye mamlaka chuoni, na pengo la kitabaka kati yake na anayemhoji. Sadfa ya kumkuta mtu anayemfahamu inaonyesha kwamba nafasi za kazi zimo mikononi mwa wachache." Jibu hilo ni la sentensi nne, na limegusa uhusika, maudhui na fani kwa pamoja.

Maswali ya kujadili darasani:

1. "Hofu katika 'Mapenzi ya Kifaurongo' inaanza kabla ya ukosefu wa kazi." Thibitisha au upinge.

2. Jadili jinsi jazanda ya kifaurongo inavyoweza kuhusishwa na (a) mapenzi, (b) elimu, (c) Dennis.

3. Penina ni msaliti au ni mwathiriwa? Toa hoja kwa pande zote mbili.

4. Linganisha namna suala la kazi linavyoshughulikiwa katika hadithi hii na katika kazi nyingine yoyote uliyoisoma.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba hofu ya kukosa kazi ndiyo inayousukuma msuko wa "Mapenzi ya Kifaurongo" tangu ukumbi wa mihadhara hadi mlango anaofukuziwa Dennis. Tumeonyesha pia kwamba hadithi ina udhaifu: imewabebesha wanawake lawama ya mfumo, na imemwacha mhusika wake bila wenzake. Ubora wake ni kwamba imetuingiza katika moyo wa kijana ambaye mtaani tungepita tukamsalimu na kumuuliza kama ameshapata. Baada ya kuisoma, mwanafunzi wa Kisiwani atajua swali hilo lina uzito gani kwa anayeulizwa. Akiwa yeye ndiye anayeulizwa, atajua vilevile kwamba kunyamaza kwake hakumaanishi kwamba hana kitu.